Herufi Tatu Hazimtoshi Nyar Kosele

Leonida hutengeneza redio na simu pale Sindo, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia anatunga gemu. Si gemu za simu. Anatungia kompyuta ya kizamani, ile ambayo yote ni kibodi, na ukitaka kuona kitu lazima uichomeke kwenye televisheni. Aliipata kwa muuza vyuma vikuukuu Homa Bay, na kumbukumbu yake ni ndogo, hata picha moja ya simu haiingii. Humo humo amebana ziwa, beseni, dagaa wa omena wanaoruka na kiboko mwenye hasira. Mimi jirani yake nimeunguza chapati nyingi kwa sababu ya kiboko huyo.

Mchezo ukiisha, mshindi anaandika jina lake kwa herufi tatu. Herufi tatu, Sindo! Juu kabisa paliandikwa OCH, na Ochieng, Ochola na Ochuka wote wakaapa ni wao. Mpaka wakanuniana.

Hilo lilikuwa la kucheka. Lisilochekesha ni kwamba televisheni ilikuwa ya mama mkwe wake, Rispa, na Alhamisi moja akaja kuichukua. Bila televisheni ile gemu zote zingekufa, na Leonida hakuwa na nyingine.

"Mama, cheza mara moja tu kabla hujaibeba," alisema.

"Mimi? Na hii umri yangu?"

Lakini akakaa. He, mama wa watu! Alimkwepa kiboko huku akimtukana kwa Dholuo, akampita OCH, na duka zima tukapiga kelele. Mashine ikaomba jina. Rispa akabonyeza N, Y, A, kisha ikagoma.

"Imekataa. Malizia."

"Ni herufi tatu tu, Mama."

"Yaani nimeshinda wanaume wote hapa, halafu niandikwe NYA? Hiyo si ni kila mwanamke?"

Alisema kweli. Kwetu mke huitwa kwa alikozaliwa, nyar fulani, binti wa mahali fulani, kwa hiyo NYA ni sisi sote.

"Mimi ni nyar Kosele, chi Obare," akasema Rispa. "Mke wa Obare. Andika yote."

"Nafasi imeisha, Mama. Labda nitoe kitu."

"Toa hiyo kiboko."

Leonida alikuwa amemchora kiboko yule mguu kwa mguu, na alimpenda. Alishusha pumzi, akamfuta. Kazi ilichukua mchana wote, na Rispa hakuondoka.

Hatimaye jina likatokea: NYAR KOSELE CHI OBARE. Rispa akalisoma polepole, akarudia. Machozi yakamlengalenga, na mimi pia, sioni haya kusema.

"Tangu mzee afe naitwa tu Nyanya," alisema. "Hakuna mtu alibaki wa kuniita hivyo."

Akasimama, akachukua mkoba wake. Televisheni hakuigusa.

"Igeuze kidogo, nyar Mfangano," alimwambia Leonida. "Watu wa barabarani wasome."