Barua za Chumba cha Kufulia

Binti zangu wawili walijifunza kuandika Kiswidi katika chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo letu la Farsta, huko Uswidi, na mwalimu wao alikuwa mwanamke aliyewachukia kabla hajawajua.

Tulifika mwanzoni mwa miaka ya sabini, katikati ya muhula, mume wangu akifuata mafunzo ya umeme. Mimi nilikuwa nimefundisha shule ya msingi Tanga, kwa hiyo ofisi ya elimu ilikubali nikae na watoto nyumbani mpaka mwaka mpya wa shule uanze Agosti, kwa sharti kwamba mkaguzi angekuja kuwapima. Nikapanga ratiba, nikaibandika ukutani. Siku ya nne binti mkubwa, mwenye miaka tisa, akaibandua.

"Mama, haya hatuyataki," alisema. "Tunataka kusoma kule chini kwenye mashine."

"Mkasome nini huko?"

"Yale makaratasi."

Kila familia katika jengo ilikuwa na saa yake ya kufua, na aliyekosea alisemwa kwa maandishi. Ukuta ulijaa vikaratasi vya mtu mmoja, herufi kubwa, kalamu nyekundu: MNAOACHA VUMBI LA NGUO KWENYE MASHINE, HAPA SI ZIZINI! Nikaona isiwe tabu. Nikachukua kamusi yangu ya Kiingereza na Kiswidi, nikakaa juu ya ndoo nikiwatafsiria huku nguo zinazunguka. Kufika mchana walikuwa wameshajua vumbi, mashine, zizi na aibu. Ratiba yangu isingewafikisha hapo kwa mwezi mzima.

Wiki ya pili mdogo, mwenye miaka saba, alibandika jibu bila kuniambia. "Vumbi si letu. Nguo zetu ni nyekundu. Vumbi ni la buluu. Tumechunguza."

Kesho yake tulikuta karatasi yake palepale, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu kama daftari la shule. Chini yake paliandikwa: "Ushahidi mzuri. Kiswidi kibaya. Andika tena."

Akaandika tena. Dada yake naye akaingia. Wakatangaza kifo cha soksi ya kijani na kuwaita mashahidi. Wakauliza kwa nini bwana wa ghorofa ya kwanza huchukua saa nzima kufua shati moja. Ningepaswa kuwakemea kwa hilo la shati, lakini ukweli ni kwamba hilo niliwatungia mimi. Karatasi zote zilirudi na wino mwekundu, na kila iliyorudi waliiweka kwenye kopo la biskuti.

Mkaguzi alikuja mwezi wa tano, mwanamume mwembamba mwenye mkoba. Akaomba daftari za watoto. Daftari hatukuwa nazo, ila lile kopo. Akasoma habari za soksi, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akarudia karatasi moja baada ya nyingine.

"Nani amefuta en na ett zote?"

Hivyo ni vijineno ambavyo Waswidi huvitanguliza mbele ya majina ya vitu. Wanangu walikuwa wamevitoa kwenye kamusi, na ile kalamu nyekundu ilikuwa imevikata kimoja kimoja kama mtu anayeua chawa.

"Mwalimu wao," nikasema.

"Mwalimu yupi?"

Mdogo akajibu kwa niaba yangu: "Yule wa ukutani. Nimemwona akibandika. Sasa hivi ni saa yake."

Mkaguzi akataka kumwona. Tukashuka wote wanne. Tulimkuta mama wa makamo akikunja mashuka, yule wa ghorofa ya tatu ambaye tangu tuhamie tulipanda naye lifti bila salamu. Alikuwa Mfini, amekuja kufanya kazi kiwandani. Alipoliona lile kopo mikononi mwa watoto akawa mwekundu kuliko wino wake.

Mkaguzi akamuuliza juu ya vile vijineno.

"Havina kazi," alisema. "Kwetu Ufini hatuna, na tunaelewana vizuri."

"Hata Kiswahili hakina!" binti mkubwa akadakia.

Mkaguzi akatutazama mmoja mmoja, akaona kura hazimtoshi. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba watoto wanasoma vizuri na wanabisha vizuri zaidi, ila vile vijineno virudishwe kabla ya Agosti.

Alipoondoka, yule mama hakuomba radhi wala hakuniuliza jina. Alinikabidhi ncha mbili za shuka, nikashika, tukakunja.

Watoto walipoanza shule, mimi na yeye tulijiandikisha darasa la Kiswidi la jioni, tukakaa nyuma kabisa. Kwenye jaribio la kwanza alichungulia karatasi yangu, nami nikachungulia yake. Tukafeli wote wawili, kwa makosa yale yale, na mwalimu akatutenganisha viti.