Mtaalamu wa Mafuriko Niliyemwomba Mwenyewe

Sheria ilitaka idara ithibitishe kwa maandishi kwamba haina mfanyakazi anayeiweza kazi, ndipo iajiri mtaalamu wa nje. Mimi, kwa kuchoshwa na matope ya Ahero nilikotumwa kila mafuriko, nikapiga taipu barua kwamba ofisi yetu ya Kisumu haina mtu anayejua mafuriko ya huko. Nikatia sahihi.

Mtaalamu akaja. Hakujua hata mto unapita wapi, kwa hiyo nikatumwa mimi nimwongoze. Wiki tatu nilikanyaga matope yaleyale, nimemshikia mwavuli, nikimweleza kila kitu.

Ripoti ilipofika, mkubwa wangu alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti: “Haya yote nimefundishwa na Bwana Otieno.” Akaweka barua yangu kando ya ripoti.

“Otieno,” akauliza taratibu, “karatasi gani hapa ni ya uongo?”