Kikohozi cha Moshi

Siku ya kwanza niliporipoti kazini, Afisa Afya wa Wilaya hakunikaribisha kiti. Alinitazama viatu, akanitazama kucha, kisha akaniuliza kama nyumbani kwetu Kalinzi tuna choo. Nikasema tunacho. Akauliza, kina mfuniko? Nikababaika. Akaandika neno kwenye daftari lake, na mpaka leo sijui aliandika nini. Halafu akanikabidhi tochi, pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa, kopo la klorini na kamba ya katani ya mita ishirini. Nilipouliza kamba ni ya nini, akasema nitajua mbele ya safari.

Ninyi vijana mnaitwa maofisa afya ya mazingira, mna vishikwambi na pikipiki za ofisi. Sisi tuliitwa Bwana Afya basi, na Bwana Afya alikuwa mtu wa kukimbiwa. Nikiingia mtaani, mama ntilie walifunika masufuria upesi, na wenye nyumba zisizo na vyoo walikumbuka ghafla kwamba wana msiba Mwandiga. Sikuwa mtu wa kupendwa na wala sikuomba kupendwa. Nilikuwa mkali, tena ukali wenyewe niliufurahia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa bandarini Kigoma. Kazi ilikuwa kupokea meli na maboti ya mbao kutoka Kongo na Burundi kabla abiria hawajakanyaga nchi kavu. Tulikagua kadi ya manjano, yaani kile kijitabu cha chanjo, na asiyekuwa nayo aliwekwa karantini, chumba cha pembeni cha kumtenga mtu mpaka tujue hana kitu. Tulihakikisha pia kila kamba ya meli imevishwa kisahani cha bati, panya asipande wala kushuka. Mkaguzi wa Bandari, mzee mmoja mfupi mzaliwa wa Ujiji, hakupaza sauti hata siku moja. Alinyoosha kidole tu, na abiria akarudi botini na mizigo yake. Nikaona huyu ndiye mtu wa kumuiga.

Baadaye nikahamishiwa Ujiji, na huko nikaijua kamba. Kipindupindu kiliingia, tukasimamisha mahema ya wagonjwa, tukayazungushia kamba, na mimi nikapewa kulinda mlango. Ndani waliingia wagonjwa na wahudumu tu. Kila aliyetoka alikanyaga gunia lililolowekwa klorini. Mama mmoja, mke wa mvuvi wa dagaa, alikuja kumwona mumewe. Alisimama upande wake wa kamba tangu asubuhi mpaka alasiri. Hakulia wala hakutukana, aliniomba amwone tu, hata kwa mbali. Nikakataa. Mganga Mkuu wa Wilaya alipita akatukuta, akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa kila kijana niliyemfundisha:

"Mgonjwa wa kuambukiza hana shemeji wala mjomba. Kamba ni kamba."

Mume yule alifariki usiku ule, tukamzika sisi kwa taratibu zetu, mwili ukiwa umefungwa kwenye turubai. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo.

Nikapelekwa kwetu Kalinzi, miaka minane ya kupanda na kushuka milima nikihimiza vyoo. Kazi ya kukaguana na watu waliokubeba mgongoni ni ngumu. Baba yangu mdogo nilimwandikia notisi, ile barua ya kumpa mtu siku za kujenga choo la sivyo ashtakiwe. Alijenga, lakini hakunisalimia mpaka mavuno mawili ya kahawa yalipopita. Huko ndiko nilikooa. Mke wangu, Perpetua, ambaye baada ya binti yetu kuzaliwa nilimwita Mama Devota, alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Nilipokuwa nikijisifu jioni kwamba leo nimefunga mgahawa fulani, alikuwa akiniuliza, "Na wale waliokuwa wanakula, wamekula wapi?" Nikawa namwambia hayo hayamhusu.

Nikastaafu baada ya miaka thelathini na moja, tukajenga Rusimbi nyumba ya vyumba vitatu na kimoja cha uani. Devota alikuwa ameshaolewa Mwanza. Tukabaki wawili, mimi nikikagua mifereji ya majirani bila kuombwa, mwenzangu akiniombea radhi nyuma yangu.

Ndipo ukaja ule ugonjwa wa korona. Hapa kwetu wengi hawakupenda kuutaja kwa jina. Mtu alikuwa na changamoto ya upumuaji, au nimonia, au uchovu tu. Mimi niliutaja. Nikaweka ndoo ya maji tiririka getini, nikamkataza kila mtu kunipa mkono, watu wakanicheka kwamba Bwana Afya kapata kazi tena. Lakini msibani utakataaje mkono? Jamaa yangu mmoja alifiwa, nikaenda, tukakaa bega kwa bega turubaini siku mbili. Mganga hajigangi. Siku ya nne baada ya pale mwili uliniuma kana kwamba nimepigwa, homa ikapanda, na kwenda chooni tu nilipumzika njiani mara mbili.

Nilijua la kufanya, nani anijulishe mimi? Nilihamia chumba cha uani. Nikamwelekeza Mama Devota taratibu: sahani yangu peke yake, ndoo yangu peke yake, chakula akiweke juu ya kigoda mlangoni, agonge mara tatu, arudi nyuma hatua sita ndipo nifungue. Simu yetu ilikuwa moja, ibaki kwake. Siku kumi na nne, nisitoke na asiingie. Alitaka aniletee nyungu, chungu kile cha majani ya mkaratusi na mchaichai, tujifukize wote chini ya blanketi moja kama alivyofanya mama yake. Nikamwambia huo ni ushenzi, ataleta chungu mlangoni nijifukize mwenyewe. Akasema haya, Baba Devota.

Niwaeleze mambo ambayo hayamo kwenye miongozo. Jambo la kwanza ni kwamba harufu zote ziliondoka. Niliinamia ndoo ya klorini, dawa iliyonitoa machozi miaka thelathini na moja, nikavuta pumzi, nikaona ni maji ya ziwa. Ladha nayo ikaondoka. Samaki wetu wa ziwani, mgebuka, nilimtafuna kama natafuna kitambaa. Nilikula kwa sababu ya kumeza dawa tu.

Jambo lingine ni kimya. Nyumba yetu ilikuwa ya kupigwa hodi kutwa, mtu anataka chumvi, mwingine ushauri wa shimo la choo. Habari ilipoenea, hodi zikakoma. Nilisikia watu wakifika karibu na geti kisha wanapunguza sauti na kupita upande wa pili. Siwalaumu, ndivyo nilivyowafundisha. Lakini nililala natazama bati, nikahesabu misumari, nikamaliza, nikaanza tena. Nilikuwa mpweke jamani. Neno hilo sijawahi kulisema juu yangu mbele ya mtu yeyote, lakini ndivyo nilivyokuwa. Kwa siku nzima nilingoja kule kugonga mara tatu mlangoni, na baada yake sauti ya mke wangu ikiuliza, "Umeamkaje?" Nilijibu kwa kifupi, kuokoa pumzi, kisha nikajuta kwa nini sikumwuliza neno jingine ili abaki kidogo.

Siku ya sita, baada ya kugonga, alikohoa.

Sasa sikilizeni, maana hapa kuna utaalamu. Bandarini tulijifunza kutambua vikohozi vya abiria kabla hawajashuka. Kikohozi cha moshi kinaanzia kooni na kuishia kooni, mtu anakohoa, anatema, anaendelea na safari. Kikohozi cha mapafu kinatoka chini, kikavu, kinakatika katikati kwa sababu pumzi haitoshi kukimaliza, na mwenye nacho hushika ubavu. Cha Mama Devota kilikatika katikati. Nikauliza kutoka ndani:

"Ni wewe unakohoa hivyo?"

"Ni moshi tu, Baba Devota. Moshi wa jikoni."

"Basi fungua dirisha."

Akasema atafungua. Nikasikia hatua zake sita, za polepole, kisha mlango wa nyumba kubwa ukafungwa.

Kesho yake mlango uligongwa mara tatu, sauti haikufuata. Nikauliza hali, sikujibiwa, nikajiambia amewahi kanisani. Keshokutwa hivyo hivyo. Sahani ilikuja na dagaa walioelea kwenye mawese, mafuta yale mekundu ambayo Mama Devota aliacha kunipikia tangu kifua changu kianze kuwaka moto. Macho yaliona. Ulimi ungekuwa mzima ungeniambia huu si mkono wa mke wangu, lakini ulimi ulikuwa umekufa, nami nikala nikanyamaza. Nikaendelea kuhesabu siku zangu.

Siku ya kumi na nne niliosha chumba kwa klorini, nikaoga, nikavaa shati safi, nikatoka. Uani nilimkuta Mama Nestori, jirani yetu, mama aliyekuja kutoka Burundi akiwa binti na kuzeekea hapa Rusimbi. Alikuwa anaosha sahani yangu. Aliponiona akaiweka chini, akapiga magoti kunisalimia, na hakuinuka upesi. Nikamwuliza mwenye nyumba yuko wapi. Akasema Mama Devota alizidiwa, alimtuma akaite bajaji, na yuko hospitali wiki nzima sasa. Alimwachia maagizo: apike, agonge mara tatu, arudi hatua sita, na asinene.

"Alisema mzee akijua atatoka kabla ya siku zake," akaniambia. "Alisema tusikuharibie hesabu."

Hospitali nilijiandaa kugombana. Nilibeba kitambulisho changu cha kazi cha zamani na barua ya kustaafu. Mlangoni alikuwepo muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo, hanijui simjui. Nikaanza kueleza mimi ni nani na nilitumikia wapi. Hakusikiliza hata nusu. Alinipa barakoa, glavu na koti la plastiki, akanionyesha namna ya kulifunga, akasema, "Ingia mzee, ukae naye. Usimshike uso." Ikawa ndiyo hiyo. Nilisimama pale kama mjinga. Miaka yote sikujua kwamba jambo lile linawezekana, kwamba unaweza kumvisha mtu koti na kumwacha apite. Yule mke wa mvuvi alinijia mbele ya macho, nikaona haya hata kuinua uso.

Mama Devota alikuwa kitanda cha mwisho, mpira wa oksijeni puani, amekonda mashavu. Nilikaa. Alinitazama, akauliza:

"Umemaliza siku zako?"

"Nimemaliza."

"Zote?"

"Zote, Mama Devota."

Akaitikia kwa kichwa. Akapumzika, maana kila neno lilikuwa na nauli yake. Kisha akasema, taratibu, bila hasira yoyote:

"Uliniambia nifungue dirisha."

Alinishika kidole gumba kupitia glavu, akafumba macho. Muuguzi hakuja kunitoa. Kila siku nilirudi, na siku ya tatu asubuhi, nikiwa nimekaa pale pale, pumzi zikaisha. Tulimzika Kalinzi. Watu walikuja wachache, wakasimama mbalimbali kwenye mteremko kama walivyoshauriwa, na Devota hakuwahi usafiri, akafika kaburi limeshafukiwa.

Sasa ninaishi peke yangu. Mama Nestori hupita na kuniamkia, ninyi hamkosi kunipigia simu sikukuu. Na kila mnapokuwa na semina mnaniita niketi mbele, halafu mmoja wenu anasimama na kuwaambia wanagenzi: mtazameni mzee huyu, yeye alijitenga siku kumi na nne kamili, hakutoa mguu nje hata mke wake alipougua. Mnanipigia makofi. Nami huinuka, nashukuru, naketi. Nimefanya hivyo mara tatu, na sitafanya tena, ndiyo maana nimeandika.

Nyumbani kwetu hapakuwa na moshi. Devota alitununulia jiko la gesi miaka miwili kabla ya hayo yote, na kuni hazikuwahi kuingia tena uani petu. Nililijua hilo nilipokuwa nikisema fungua dirisha. Kikohozi nilikitambua mara ile ile kilipotoka, kama ningekitambua cha abiria yeyote. Lakini kukiri kwamba nimekitambua kulimaanisha kuita gari la wagonjwa, na gari lile lingetuchukua wote wawili mpaka wodi ambayo tulisikia kila siku nani kaingia na hakutoka. Gari hilo nimewaitia watu wengine maisha yangu yote. Siku ile zamu ilikuwa yangu, nikaogopa kufa. Mama Devota alijua kwamba naogopa, akanipa moshi ili nipate pa kujificha, na mimi nikajificha.