Nilivyowatetea Wadachi

Gazeti la Kiswahili lilitufikia kwa kuchelewa, limekunjwa ndani ya mzigo wa chumvi kutoka Moshi, na mimi ndiye niliyelidaka wa kwanza. Nilikuwa na pupa ya habari, sikatai. Vita vimeanza Ulaya! Nililisoma nimesimama, nikalisoma tena nikitembea, hadi nikatumbukia kwenye mfereji wa migomba na kuingia shuleni na matope magotini.

Mwalimu wetu, Mchaga aliyesomeshwa na wamisionari, hakunigombeza. Alitutoa nje, akachora Ulaya kwa majivu uwanjani, akatueleza. Mrithi wa ufalme wa Austria ameuawa. Austria inawalaumu Waserbia, Urusi imesimama na Waserbia, Wadachi, yaani Wajerumani waliotutawala, wamesimama na Austria, wamepita Ubelgiji kwenda kumpiga Mfaransa rafiki wa Urusi, na hivyo hivyo mpaka Mwingereza. Moyo ulinidunda. Kumbe hata Ulaya wana koo na marika! Nikaropoka kwamba hii ni kesi, na kwetu Waarusha kesi ya mtu kuuawa husikilizwa kikaoni, kila upande ukisema, mpaka fidia ya ng'ombe ipatikane. Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi.

"Haya," akasema, "kesho kutwa tuisikilize. Kila mmoja atapewa nchi yake."

Nyumbani nilisimulia yote bila kupumua. Kaka yangu alinisikiliza kuliko nilivyozoea. Bomani, kwa Wadachi, walikuwa wakitafuta vijana wa kwenda mpakani, upande wa Longido, kupigana na Waingereza, naye alikuwa hajaamua.

"Nitakuja kuwasikiliza," alisema. "Nataka nijue kama vita hivi vina haki."

Alipotoka, mama alinishika mkono. Baba alikuwa ameshafariki, na ng'ombe na shamba vyote vilikuwa mikononi mwa kaka.

"Wewe ndiye mwenye mdomo humu ndani," aliniambia. "Mfanye abaki."

"Usiwe na shaka, yeyo," nikamjibu, na nilikuwa nasema kweli.

Siku ilipofika tulichagua nchi kwa kuokota vijiti. Nikaangukiwa na Udachi. Ningeweza kubadilishana na yule aliyepata Ubelgiji, maana aliniomba kabisa. Lakini mwenzetu wa Uingereza alikwishaanza kejeli zake: Wadachi ni wezi, wamekatiza shamba la Mbelgiji bila hata kupiga hodi! Watu wakaangua kicheko, wakanitazama mimi. Damu ilinichemka. Nikapokea fimbo ya msemaji, nikaanza kwenda na kurudi mbele yao kama wasemaji wetu wafanyavyo.

Lo, nilisema siku ile! Mwenzako wa rika akivamiwa pande mbili, utakaa nyumbani ukichoma ndizi? Anayekimbia kumwokoa ndugu yake, asubiri kwanza ruhusa ya kupita shambani kwa mtu? Maneno yalikuja yenyewe, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Ndipo Ubelgiji akasimama. "Mimi ni mdogo," alisema polepole. "Hakuna aliyeniuliza. Wamepita, wamekata migomba yangu."

Wote tulijua alichogusa. Wadachi walipokuja Meru mara ya kwanza walikata migomba na kuchoma nyumba. Mama alinisimulia mwenyewe. Hapo ndipo nilipopaswa kukubali yaishe. Badala yake nikapata jibu, na lilikuwa tamu mno kuliacha.

"Migomba tutaipanda upya," nikasema. "Rafiki akiuawa tukimtazama, tutampanda wapi?"

Uwanja ulilipuka. Mwalimu akatangaza kwamba nimeshinda, nami nikamkimbilia kaka. Macho yake yaling'aa kama yangu.

"Umenitoa shaka," alisema. "Kesho naenda bomani."

"Kaka, lile lilikuwa somo! Nilipangiwa tu!" Nikammwagia yote aliyoyasema Ubelgiji, na mengine zaidi.

"Mbona hukuyasema pale?"

Akageuka kwenda nyumbani, nami nikamfuata nyuma.

Jioni mama aliniuliza nilisema nini hasa. Nikamrudia neno kwa neno, maana nilikuwa nayakumbuka yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri sana, mwanangu," alisema, akainuka kwenda kumtayarishia kaka chakula cha njiani.