Mlango Unaopigwa Hodi

Kazi yangu ni kuwapima wazee wanaoomba kuingia katika makao yetu hapa Ifakara, na sioni haya kusema kwamba naijua. Siishii kwenye presha na sukari. Nakwenda nyumbani kwa mzee, nakaa naye asubuhi nzima, natazama anavyovaa, anavyonyanyuka, anavyokumbuka alikoweka dawa. Mwisho namtolea mchele kidogo wenye mawe, namwomba tupike. Kuanzia Malinyi mpaka Mang'ula sijakutana na mzee asiye na lake la kusema kuhusu mchele, na wakati analisema mimi naangalia vidole, macho, moto na akili. Njia hiyo niliianzisha mimi. Wenzangu wote sasa wanaifuata.

Ndugu ndio wanaonitia hasira. Anayetaka mama yake apokelewe haraka anaapa kwamba hawezi hata kushika kijiko. Anayeogopa maneno ya majirani anasema bibi ana nguvu za msichana. Wazee nao wanaficha. Nimemwona babu akinisomea gazeti alilolishika juu chini. Simlaumu, maana anachokitafuta si kidogo. Makao yetu yana vyumba vya kujitegemea, kila kimoja na mlango wake na jiko lake barazani, na yana bweni la wanaohitaji kuangaliwa muda wote. Bweni ni safi na wahudumu wake ni wapole, lakini mle hakuna mwenye mlango wake.

Basi siku moja, tukiwa mezani, mama yangu mzazi akasema anataka kuomba chumba cha kujitegemea.

Nilikasirika. Baba alipofariki nilimtoa Malinyi nikamleta kwangu Lipangalala, nikampa chumba, kitanda kizuri na redio. Wajukuu walikuwa wanamzunguka kutwa.

"Umekosa nini hapa, mama?"

"Chakula sijakosa," alisema. "Nataka mlango unaopigwa hodi."

Kwangu kila mtu aliingia chumbani kwake alivyotaka. Watoto waliingia kutafuta chaja, dada wa kazi aliingia kufagia, mimi niliingia kupanga nguo. Nilidhani huko ndiko kuishi kama familia. Kaka yangu akapiga simu kutoka Mang'ula, anafoka kwamba watu watasema tumemtupa mama. Mama akaomba simu. "Hao watu waambie waje, wanipigie hodi, waniulize mwenyewe," akasema, kisha akanirudishia simu yangu.

Mtu haruhusiwi kumpima ndugu yake, kwa hiyo alitumwa mwenzangu, binti wa Kisukuma aliyezaliwa huku bondeni baada ya wazazi wake kuhamia na ng'ombe wao. Kazi nilimfundisha mimi, na alikuwa hanionei haya. Nilichokiogopa ni macho ya mama. Nilijua yamepungua, ila kiasi gani hakuwahi kuniambia. Mzee asiyeona tunampeleka bweni, kwa sababu ya moto.

Binti alifika asubuhi. Nilimkaribisha sebuleni, tukasalimiana, nikamwonyesha chumba cha mama. Mlango ulikuwa wazi, naye akaingia huku anatabasamu.

"Shikamoo, bibi."

Mama alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza dirishani. Hakuitikia.

"Rudi nje," alisema. "Upige hodi."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mama! Huyu ndiye aliyekuja kukupima."

"Nimesikia. Arudi."

Binti wa watu akarudi koridoni. "Hodi humu!"

"Nani?"

"Ni mimi, bibi. Natoka makao ya wazee."

"Karibu, mjukuu wangu."

Akaingia, akapiga magoti kama walivyomlea kwao, akaamkia upya. Mama akaitikia marahaba ndefu.

"Sauti yako inatoka chini. Umepiga magoti. Kwenu wamekulea," alisema. "Usiudhike kwamba nimekurudisha. Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia linaona mwanga na vivuli, basi. Anayeingia bila hodi simjui kama ni mtu au mbuzi. Nashtuka kila mara, halafu naona aibu kuonekana nimeshtuka."

Nilibaki nimesimama mlangoni. Niliumia, na siwezi kulisema hilo kwa maneno mazuri zaidi. Bonde zima wananiita niwasome wazee wao, na mama yangu alikuwa anashtuka kila siku ukuta wa pili kutoka kwangu. Papo hapo nikawaza pia kwamba amekwisha. Chumba amejinyang'anya kwa mdomo wake mwenyewe.

Tulitoka uani. Binti akatoa mchele na ungo. Mama akaupapasa ungo, akauweka pembeni.

"Huu ni wa wenye macho. Nipe maji na mabakuli mawili."

Akaulowesha mchele, akalitikisa bakuli taratibu, akaanza kuumimina mchele na maji yake kidogo kidogo kwenye bakuli la pili. Mawe, kwa kuwa ni mazito, yalibaki chini. Akayakusanya kwa kidole, akamwekea binti kiganjani. "Haya, zawadi yako." Kisha akaikaza khanga kiunoni ili ncha zisining'inie, akasogeza kigoda karibu na jiko, akanyoosha mkono.

"Kuwasha siwezi. Niwashieni. Ukishawaka, moto naujua."

Tukamwashia. Alipima joto kwa kiganja, akabandika sufuria, akakaa upande ambao moshi hauendi. Hakuwa na haraka, na hakuna alichokigusa bila kukitafuta kwanza kwa mkono.

"Bibi, kitu gani kingine huwezi?" binti aliuliza.

"Maandishi ya dawa siyasomi. Barabara yenye bodaboda sivuki. Chumvi naweza kuzidisha, lakini hiyo hata nilipokuwa naona nilizidisha."

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumtetea, nilitaka kuongeza, nilitaka kumkumbusha binti mambo niliyomfundisha mwenyewe. Nikanyamaza. Na katika ule ukimya nikaanza kujivuna, maana katika kazi yangu yote sikuwahi kumpata mzee aliyenitajia upungufu wake kabla sijautafuta. Vijana wetu nawafundisha kwamba mzee wa kuogopewa jikoni ni yule anayedhani anaweza kila kitu. Sasa huyu mbele yetu alikuwa anaijua mipaka yake kama alivyoijua mipaka ya mashamba yake ya Malinyi.

Wali ulipoiva binti aliandika uamuzi wake, akamsomea mama: chumba cha kujitegemea; mhudumu awe anamwashia moto na kumsomea dawa; kila anayeingia apige hodi na ajitaje.

"Hilo la mwisho," mama alisema, "liandike kwa herufi kubwa."

Nilimpigia kaka simu nikamsimulia yote, la mbuzi na la chumvi. Akacheka, akasema mama ni mama.

Alihamia baada ya mavuno. Jumapili ya kwanza nilikwenda na mfuko wa mchele wa Malinyi. Mlango wake ulikuwa umerudishiwa tu, na kwenye upenyo nilimwona ameketi kitandani anakunja khanga. Mkono wangu ulikuwa umeshaugusa mlango. Nikaurudisha mkono.

"Hodi!"

Kimya. Nilijua amesikia, masikio hayo yalishinda shambani miaka na miaka yakiamia ndege wasile mpunga.

"Hodi, mama. Ni mimi, mwanao."

Akamaliza kukunja khanga yake, akaiweka mahali pake, akajiweka sawa. Aliniacha nisimame nje na mzigo wangu kama mgeni mwingine yeyote, na mimi nilisimama pale najivuna mpaka machozi yananilengalenga.

"Karibu," alisema. "Karibu kwangu."