Bipu ya Saa Saba

Mume wa shoga yangu alikuwa na sauti ya upole. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia nasimulia habari hii wanategemea mtu wa kufoka na kurusha vyombo. Wapi! Aliniita shemeji, alianza na samahani kukusumbua na kumalizia na Mungu akubariki. Hata mume wangu mwenyewe hakuwahi kuniomba samahani kwa kunisumbua.

Tulikuwa tunauza mapazia na mashuka, mimi na huyo shoga yangu, meza mbili zimegusana kwenye baraza la duka la vitambaa, Mtaa wa Kongo. Ni zama zile biashara imefunguliwa, mizigo inashuka bandarini mpaka unajiuliza nani ataimaliza, na kila mwenye mtaji wa meza moja kakimbilia Kariakoo. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi, na mama mwenye duka ndiye aliyetuweka pale barazani, kwa kodi na kwa sharti kwamba tusimzibie mlango. Mwenzangu alikuwa mtu wa Lindi, mkimya mpaka akuzoee, akishakuzoea utacheka mpaka mbavu ziume. Mumewe alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, anasoma chekechea pale Gerezani.

Mwenzangu ndiye wa kwanza kuwa na simu ya mkononi barazani kwetu. Alinunuliwa na mumewe, lisimu kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, na kiantena juu. Niliona gere, kwa nini nifiche? Mimi nina mwanamume akitoka asubuhi ndiyo ametoka, na huyu mwenzangu anapigiwa kabla hajafungua furushi la mashuka. Umefika? Umekula? Uko na nani hapo? Na lilikuwepo jambo moja lililotuchekesha sote: mumewe alikuwa anamtaka anyanyue simu juu, yeye asikilize soko. Basi mwenzangu ananyoosha mkono, simu hewani, wauza nguo wanaita wateja, mkokoteni unapita na kengele yake, na bwana kule bandarini anasikiliza mpaka aridhike kwamba hiyo kweli ni Kariakoo. Tukawa tunamtania, shoga umependwa wewe, tugawie na sisi. Alikuwa anacheka. Lakini alicheka huku macho yake yako kwenye ile simu, na mimi niliona, nikaona haya tu ya mwanamke anayependwa.

Nilipopata simu yangu, ya mtumba, yule bwana aliomba namba. Nikampa, tena kwa furaha. Ikawa mkewe akichelewa kupokea, ananipigia mimi: shemeji, yuko hapo? Nampa simu waongee. Baada ya siku chache akaanza kunitumia vocha. Nani alikuwa na vocha za kuchezea wakati ule? Watu tulikuwa tunaishi kwa kubipu, unaiacha simu ya mwenzako ilie mara moja, unakata, na kila bipu ina maana yake mliyokubaliana. Moja nimefika, mbili nipigie. Mimi nikawa natembea na salio kama mke wa mkurugenzi, kichwa kimevimba.

Alipokosa kumpata mkewe na mimi sipokei, alikuwa anapiga simu ya mezani ya dukani. Mama mwenye duka alipokea mara mbili tatu, halafu akamwambia kwa Kiswahili chake cha mkato kwamba yeye anauza vitambaa, hajui nani yuko wapi, na asipige tena. Nilimwona hana utu. Nilimsema kwa mwenzangu kutwa nzima, na mwenzangu akawa anakunja mashuka tu.

Siku moja yule bwana akanipigia na ombi. Mkewe alikuwa anakwenda kuswali adhuhuri msikitini, na saa ya swala simu anaizima. Yeye roho inamuuma, mji una mambo mengi. Basi mkewe akirudi, nimbipu mara moja tu, ajue amerudi salama. Akaongeza kwamba nisimwambie mwenyewe, ataona anachungwa. Jamani, neno limesemwa lote, limewekwa mezani mbele yangu, na mimi nikalipita kama sijaliona. Nikajibu usijali shemeji. Kila siku saa saba, mwenzangu anatokea kwenye kona ya mtaa, mimi kidole kinabonyeza.

Halafu mwenzangu akaja na mdomo umevimba. Alisema mlango. Mara nyingine ushungi umevutwa mpaka kwenye nyusi, na hakusema kitu. Mara ya tatu, asubuhi, kabla wateja hawajaanza, alikaa kwenye furushi akanisimulia yote kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. Kila jioni mumewe anachukua simu, anasoma waliopiga na waliopigiwa, mmoja mmoja. Akikuta kitu kimefutwa, kufuta nako ni kosa. Ujumbe ukijibiwa kwa kuchelewa ni kosa. Chaji ikiisha ni kosa kubwa kuliko yote. Alisema hata akilala anaota inalia. Nililia mimi, yeye alikuwa mkavu. Aliniambia anataka kuondoka na mtoto, kaka yake wa Lindi atakuja kumchukua, ila hana pa kuongelea naye bila kujulikana.

Alishanunua laini nyingine, kile kikadi kidogo, na namba ya kaka yake aliikariri, hakuiandika popote. Akaniomba nimtunzie. Akitaka kuongea, natoa laini yangu kwenye simu, naweka yake, anaingia nyuma ya mapazia yaliyotundikwa, anaongea haraka, ananirudishia. Nilikubali na kuapa kwamba siri yake nitakufa nayo.

Sasa niulizeni: je, bipu ya saa saba niliiacha? Sikuiacha. Nilijiambia kwamba nikikata ghafla bwana atashtuka, kwa hiyo namlinda mwenzangu. Hoja nzuri, haina kasoro, ila ina tundu moja tu. Kama ilikuwa ya kumlinda, mbona sikumwambia? Sikumwambia kwa sababu nilikuwa naona aibu. Na kwa sababu ya vocha, vilevile. Wallahi nasema hili kwa ulimi mzito.

Alhamisi moja waliongea na kaka yake kwa mara ya mwisho. Mambo yalikuwa yameshapangwa. Jumamosi mume atakuwa bandarini na meli, yeye atatoka na mtoto kama anampeleka kwa fundi kupimwa gauni, na kaka atawasubiri kwenye mabasi ya kusini. Alinirudishia simu, akanibana bega, akaenda kuswali.

Hapohapo akatokea mteja, mama wa Songea mwenye gesti, anataka mapazia ya vyumba vyote. Kwa kawaida simu ikirudi mkononi mwangu, kitu cha kwanza ni kubadilisha laini. Siku hiyo niliitumbukiza kwenye mkoba wa kiunoni, nikashika futi, nikaanza kupima. Nilifurahi kama mjinga. Saa saba ikaingia, nikamwona mwenzangu anapenya kati ya watu. Namba ya yule bwana sikuwa naitafuta kwenye majina, kidole chenyewe kilikuwa kinaijua. Nikatoa simu, nikabipu, nikakata, nikarudi kwenye mapazia.

Simu ikalia. Nikapokea bila kuangalia, pini mdomoni.

"Amesharudi shemeji, yuko hapa."

Nikasikia honi ya lori upande wake. Halafu, kwa upole uleule wa siku zote, akaniuliza: "Shemeji, hii namba ni ya nani?"

Mtume! Nikasema ya mteja, papo hapo nikasema yangu mpya, vyote viwili kwa pumzi moja, kama mtoto aliyekutwa na sukari kwenye midomo. Akasema haya, Mungu akubariki. Akakata.

Mwenzangu alikuwa ameshafika, anavua ushungi wa swala aufunge wa kazi. Kwa hilo sikumficha. Nilimwambia kwamba laini yake ilikuwa ndani na mumewe ameiona namba. Hakuelewa mara moja. Alidhani mumewe ndiye aliyepiga, akawa anajiuliza ameipata wapi. Ikabidi nimwambie kwamba nimembipu mimi.

"Ulimbipu kwa nini?"

"Ajue umerudi."

"Ina maana siku zote?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Bora angenitukana. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu unayejaribu kukumbuka ulimjulia wapi. Kisha akasema neno moja, "Mtoto," akaacha meza, mashuka, viatu vya kubadilisha, akakimbia.

Nilimfuata. Mama wa Songea aliachwa amesimama na mapazia mikononi. Lakini bandarini na Gerezani ni pua na mdomo, na yule bwana alikuwa na teksi. Tulipofika mwalimu alituambia kwa uso mkunjufu kwamba baba amekuja mwenyewe, amesema kuna safari ya ghafla. Mwenzangu alikaa chini palepale mlangoni, kwenye viatu vya watoto. Kabla hata jioni haijaingia, mtoto alikuwa njiani kwenda Tanga kwa bibi yake mzaa baba. Jumamosi kaka alikuja kutoka Lindi, akasubiri kwenye mabasi, akarudi peke yake. Mwenzangu alikuwa amerudi kwa mumewe. Hakukuwa na njia nyingine ya kumpata mtoto.

Barazani hakuonekana tena. Siku chache baadaye mumewe alinipigia, samahani kukusumbua shemeji, akaomba nimkabidhi mwenye mkokoteni bidhaa za mkewe. Nikakabidhi, nikakunja kila shuka vizuri, sijui nilidhani nani ataona. Jioni ikaingia vocha, shukrani yake. Nikaikalia mpaka kesho yake. Halafu nikaiingiza. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana lile la bipu naweza kusema lilinipitia, na hili nilikaa nalo usiku mzima.

Miaka ilipita ndipo nikasikia kwamba mwenzangu ameondoka kwa mumewe, na mtoto amempata. Aliyeniambia ni mama mwenye duka, huku anakata kitambaa, na alipoona naanza kuuliza ameondokaje na kwenda wapi, akaniuliza kama nina mpango wa kulipa kodi ya mwezi ule. Nikaelewa kwamba anajua, ila mimi si mtu wa kuambiwa. Yule bwana aliendelea kunipigia mara mojamoja, sikukuu kwa sikukuu, kunijulia hali na kuuliza kama nimepata habari. Nilikuwa najibu sina, na ilikuwa kweli. Kumzuia asipige, sikuwahi. Mpaka leo wasichana wanaouza karibu yangu wakinionyesha jinsi wachumba wao wanavyodai kuiona simu na kujua walipo dakika yoyote, eti ndiyo mapenzi, nafoka mpaka wananiona bibi mwenye gubu. Nawaambia mkinuniwa kwa sababu chaji imeisha, ondokeni. Sababu ya ukali wangu sijawahi kuwapa.

Mwenzangu nilimwona Buguruni, nimekwenda kutafuta ndizi. Alikuwa na meza ya nguo za watoto, amenenepa kidogo, anamcheka mteja anayetaka kupunguziwa bei. Nilisimama kama nimepigwa msumari. Aliponiona hakukimbia. Tulishikana mikono. Binti yake, mrefu kuliko mama, aliniamkia shikamoo na kunipa kigoda bila kujua mimi ni nani, na mama yake hakumwambia. Tukaongea habari za bei, za mvua, za wauza mapazia tuliowajua wote. Niliomba radhi. Alisema yamepita, na kwa jinsi alivyosema nadhani alimaanisha. Nikachangamka. Nikatoa simu nikamwomba namba, tusipoteane tena.

Aliiangalia simu yangu.

"Namba yako ni ileile?"

Nikamwambia ileile, siwezi kubadilisha, wateja wangu wote wanaijua.

"Na yeye anayo?"

Sikuweza kudanganya. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, bila hasira. Akasema namba yake hatanipa, nisimfikirie vibaya. Aliniongezea ndizi mbili kwenye mfuko wangu kutoka kwa jirani yake, tukaagana vizuri kabisa.

Juma lililofuata nilirudi na doti ya khanga nimemnunulia. Pale palikuwa na mwanamume anauza mikanda. Nikamuuliza yule mama wa nguo za watoto yuko wapi. Akasema amehama, amefunga vitu ghafla kesho yake ya siku ile alipotembelewa na mgeni, na hata meza kamwachia bure. Muuza ndizi wa pembeni akadakia kwamba alikohamia anakujua, kama namhitaji sana anielekeze.

Nikamwambia asinielekeze. Nikamwomba na mwingine yeyote akija kuuliza, asimwelekeze.