Kengele ya Baiskeli ya Baba

Muuza aiskrimu hupita mtaani kwetu alasiri akipiga kengele ya baiskeli. Wajukuu hutoka mbio. Mimi, bibi mzima, hushika tumbo. Wanadhani nina uchu wa aiskrimu, nami nawaacha wadhani hivyo.

Enzi za Mwingereza tulikaa Kinondoni. Baba alifanya kazi bandarini, na hasira alizozimeza huko mchana kutwa alikuja kuzitema nyumbani. Hakunipiga. Alifoka tu: chumvi imezidi, ndoo imekaa njiani, mtoto anacheka nini. Kengele ya baiskeli yake ikilia uchochoroni, mama alinyamaza katikati ya neno, na tumbo langu likafunga fundo. Nikakonda. Nilinyweshwa mwarobaini, nyonyo, hata kombe la aya zilizooshwa sahanini, lenye harufu ya waridi, ambalo kusema kweli nililipenda. Fundo halikufunguka.

Mwisho nikapelekwa Temeke kwa Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba, aliyekaanga vitumbua vya kuuza. Harufu ya iliki ndiyo iliyoniamsha kila siku. Shangazi hakunipa dawa yoyote. Alinipa kazi ya kukoroga unga, na ruhusa ya kula vilivyoungua. Nikanenepa! Nilicheka kwa sauti, na hakuna aliyeuliza nacheka nini.

Kisha baba akaja kunichukua. Kengele ilipolia barabarani tu, nikatapika vitumbua vyote mkekani.

Shangazi alinifuta mdomo, akatoka barazani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sikiliza, mdogo wangu. Mwanao hana ugonjwa wa tumbo. Ugonjwa wake wewe."

Baba akauliza, kwa sauti ndogo nisiyoijua, "Sasa mie nifanyeje?"

Kupitia upenyo wa mlango nilimwona shangazi akichana pindo la kanga yake kuukuu, akampa. Nikadhani ni la kufutia machozi.

Aliondoka peke yake. Aliporudi, wiki kadhaa baadaye, sikusikia kengele. Nilisikia "Hodi." Nikamkaribisha mwenyewe.

Tangu hapo baba alibisha hodi hata nyumbani kwake, akasubiri aitikiwe. Kufoka hakukwisha siku moja, lakini hasira zilipompanda alitoka nje kutia upepo magurudumu yaliyokwisha kujaa.

Miaka yote nilidhani kengele imeharibika. Baba alipofariki, nikiisafisha baiskeli yake, niliifungua ile kengele. Ndani mlikuwa na pindo la kanga ya shangazi, limekunjwa na kushindiliwa. Nililia, nikacheka. Daktari anasema tumbo langu huenda lisisahau kamwe. Sawa. Nililirudisha pindo palepale, nikaifunga kengele.